Behewa la Wanawake

Jumatano, 6 Februari

Leo tena tumefika. Asante Bwana. Mimi behewa la kwanza, lile la wanawake. Yeye behewa linalofuata, pamoja na wanaume. Nimeshuka, nimesimama chini ya ile picha ya ndovu ukutani, na baada ya muda viatu vyake vya kahawia vikaja vikasimama kando. Sikuinua macho. "Twende, Mama," akasema. Tukaenda, mimi mbele yeye nyuma.

Huo ndio mwendo wetu katika mji huu wa Delhi. Asubuhi treni hadi hospitali, mchana treni hadi nyumba ya wageni. Tutafanya hivyo mwezi mzima. Anapigwa mionzi ya kichwa. Uvimbe ulimkalia nyuma ya macho ukakandamiza mishipa ya kuonea. Nairobi walimpasua wakatoa sehemu kubwa, mizizi ikabaki, ndiyo tukaelekezwa huku. Baba Mwenda ni dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano, kwetu Timau. Bila macho hakuna trekta. Bila trekta sijui Kagwiria wangu na wale watoto wawili watafanyaje. Hilo silisemi kwa mdomo. Naliandika hapa tu.

Ni mkwe wangu, mume wa binti yangu. Kwetu Meru mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawali pamoja. Hawakai kiti kimoja. Hata jina lake sijawahi kulitamka, ni Baba Mwenda tu. Wala si chuki. Nampenda kama mtoto niliyemzaa, ndiyo maana sisogei karibu.

Nani mwingine angekuja? Kagwiria amejifungua kwa kisu juzi tu. Mugambi, ndugu ya mgonjwa, pikipiki ilimvunja mguu. Mama yao hayupo. Mzee wangu naye alishatangulia. Mwenye pasipoti nilikuwa mimi peke yangu, ile niliyokata twende Yerusalemu na akina mama wa kanisa, safari ikalala. Mungu alijua. Ndani ya ndege tulimwomba mzee mmoja Mhindi akae katikati yetu. Alikaa hapo kama fensi kati ya mashamba mawili mpaka tukatua.

Kwa hivyo nilipoona behewa limeandikwa la wanawake tu, na maua ya rangi ya waridi yaliyobandikwa sakafuni yakinionyesha pa kusimama, nilisema asante kwa sauti. Utadhani walitujengea sisi Wameru.

Ijumaa, 8 Februari

Nimeanza kuuzoea mji. Barabara sivuki peke yangu. Natafuta mama mwenye mtoto, nasimama ubavuni mwake, akienda naenda. Gari zinapiga honi hata kama hakuna kitu mbele. Leo ng'ombe alilala katikati ya barabara na magari yote yakamzunguka kwa adabu. Ng'ombe wangu kule nyumbani wangesikia hiyo wangenisumbua.

Stesheni wanawake tunakaguliwa nyuma ya pazia. Askari wa kike alinipapasa, akaona kitambaa changu chekundu cha kichwa, akacheka, akasema kitu. Nikacheka pia. Sikujua tunacheka nini.

Mama Kamla, mwenye nyumba, ameniuliza kama nimegombana na mgonjwa. Ameona napika ugali wa unga niliobeba, naweka sahani kwenye stuli nje ya mlango wa Baba Mwenda, nabisha, naondoka. Nilimwambia kwa Kiingereza changu cha darasa la saba: heshima. Akatingisha kichwa ile namna yao, ambayo si ndiyo wala si hapana.

Jumapili, 10 Februari

Nimeenda kanisani peke yangu! Nilipanda treni ya upande usiofaa nikapelekwa mbali, mpaka maghorofa yakaanza kuisha. Msichana mmoja kwenye behewa letu la wanawake alinishusha, akanivusha, akanipandisha ingine. Nilifika wimbo wa mwisho. Nililia tu. Hata mchungaji aliniona.

Baba Mwenda alisema anabaki kulala. Mionzi inachosha.

Jumanne, 12 Februari

Leo daktari ameniita ndani na mimi. Kijana, mpole, haraka haraka. Amemuuliza Baba Mwenda kama kuna shida. Hakuna. Halafu akanigeukia. Mama, wewe unakaa naye, umeona mabadiliko yoyote kwenye macho? Anajigonga? Anashindwa kusoma?

Nikasema hapana, hakuna mabadiliko, Mungu ni mwema.

Akaandika. Kipimo kikubwa cha macho ni wiki ya mwisho. Tumerudi nikiwa na furaha.

Alhamisi, 14 Februari

Nimetoa sahani nikakuta stuli imelowa chai. Kikombe kiko hapa, chai iko pale. Sikupenda. Nilifuta.

Viatu vyake pia. Mimi viatu vyake navijua kuliko uso wake, maana ndivyo ninavyoangalia. Cha kushoto kimechubuka ncha, ngozi imetoka kabisa. Vilikuwa vipya tukitoka nyumbani. Mugambi ndiye alivinunua.

Labda ni uchovu. Bwana, iwe ni uchovu.

Jumamosi, 16 Februari

Kagwiria amepiga simu. Mtoto ananyonya vizuri, Mwenda anauliza kama baba ataleta tumbili. Halafu sauti ikashuka.

"Mama, hataki kunipigia ile ya kuonana. Ati mtandao ni mbaya. Na wewe nakuona vizuri hapa."

"Amechoka."

"Mama. Anaonaje?"

"Si uzungumze naye wewe, ni mume wako."

Nilimjibu vibaya. Nilikasirika kwa sababu niliogopa. Baada ya simu nimekaa kitandani nikijaribu kukumbuka uso wa Baba Mwenda. Miaka yote hii tangu alete ng'ombe wa mahari kwangu. Najua ana ndevu kidogo. Zaidi ya hapo sijui.

Jumatatu, 18 Februari

Treni nusura imwache. Mimi nilikuwa ndani, naangalia kupitia kioo. Mlango wa behewa lake ulikuwa wazi na yeye alikuwa anapapasa pembeni mwa mlango kama mtu anayetafuta swichi ya taa. Mzee mmoja akamvuta ndani.

Tuliposhuka nikamuuliza huku nikitazama ndovu ukutani, "Baba Mwenda, u mzima kweli?"

"Mzima, Mama. Watu ni wengi tu."

Nilitaka kugeuka nimwangalie. Shingo ilikataa. Eti shingo ikatae! Lakini ilikataa.

Alhamisi, 21 Februari

Jana sikuandika.

Nilishuka kwenye kituo chetu. Nikasimama kwa ndovu. Viatu vya kahawia havikuja. Treni ikaondoka. Ikaja ingine, watu wakamwagika, wakaisha, hakuna. Nikapiga simu. Simu ikalia ndani ya mkoba wangu. Hospitalini nesi hunipa vitu vyake vyote nimshikie akiingia kwa mashine, na sikuwa nimemrudishia, kwa sababu kurudisha ni mkono kwa mkono na nilikuwa nangoja tufike nimwekee kwenye stuli.

Ujinga wa heshima. Naandika hivyo na najuta kuandika, lakini ndivyo nilivyosema moyoni.

Nilikimbia kwa askari wa kike. Kiingereza chote kilinitoka. Nikasema mgonjwa, amepotea, macho. Akaniuliza jina la mgonjwa. Nikasema Baba Mwenda. Akasema kwenye redio Baba Mwenda, Baba Mwenda. Nikaona huyo mtu hata akiitwa hivyo na mgeni wa Kihindi hatajua ni yeye. Ndipo nikasema. Kirimi. Anaitwa Kirimi. Nilisema mara ya kwanza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeiba. Mara ya pili nilisema kama watu wanavyosema.

Redio ikajibu. Kituo kilichopita, kile kikubwa ambapo njia nyingi zinakutana, kuna Mwafrika amesimama na hataki kusogea. Tukapanda treni ya kurudi, mimi na yule askari. Sikujua ni behewa la nani.

Kituo kile kilikuwa kimejaa. Vichwa na vichwa. Uso wake sikuujua, kwa hivyo sikutafuta uso. Niliinama nikatafuta viatu. Viatu vyeusi, makubadhi, raba, viatu vya shule. Nikaviona. Mwisho kabisa wa jukwaa, kahawia, cha kushoto kimechubuka. Vidole vya mguu vilikuwa vimeshavuka ule mstari wa manjano. Baada ya pale ni reli.

Nikapiga kelele. "Kirimi! Usisogee!"

Alikauka. Umati ulikuwa umemsukuma nje ya treni, kumbe akapapasa akifuata ukuta, na ukuta ukaisha. Nilifika nikamshika mkono. Kwa mikono yangu yote miwili. Mkono wake ulikuwa baridi kama wa mtu aliyekuwa akikamua ng'ombe alfajiri Timau. Treni ikapita na upepo wake ukanivua kitambaa.

"Mama," akasema. "Mama, sioni."

Nikamwangalia uso. Ana kovu kwenye nyusi. Ana macho mazuri, ya upole, na yalikuwa yanatazama pembeni ya mahali nilipo.

Ijumaa, 22 Februari

Hospitali tangu jana. Daktari hakuwa mpole. Mionzi imefanya sehemu ile ivimbe na uvimbe umebana mishipa. Amempa dawa kali ya kushusha uvimbe. (Hapa dawa wanaita dawa. Nilipoisikia nilitaka kumkumbatia mtu wa duka la dawa.) Daktari alisema, mngeniambia ilipoanza, ingekuwa kazi ndogo. Sasa hajui. Mwanga unaweza kurudi, unaweza kurudi nusu, unaweza kukaa hivyo. Akanitazama mimi. "Nilikuuliza, Mama."

Ndiyo. Aliniuliza.

Tukiwa tumeketi kwenye foleni ndefu ya dawa, Kirimi akasema ilianza wiki ile ya kwanza. Ilianza na ukungu, akadhani ni ukungu wa mji. Aliogopa akisema watasimamisha mionzi watufukuze nyumbani.

"Ungeniambia mimi."

"Ningeanzaje, Mama? Wewe ni mkwe. Mtu hulia mbele ya mkwe?"

Yeye alificha kwa heshima, na mimi sikutazama kwa heshima. Kati yetu macho yakazimika.

Tumerudi kwa treni. Behewa la wanaume. Nimemshika mkono wa shati njia nzima na wanaume wakatupisha viti. Viwili, vya kubanana. Tukakaa.

Jumapili, 24 Februari

Sikuenda kanisani. Nimempikia. Niliweka sahani kwenye stuli kama kawaida, nikasikia anapapasa, kijiko kikaanguka. Nilisimama ukumbini na aibu yangu. Kisha nikaingia. Nikaketi mbele yake. Nikamwambia ugali uko hapa, mboga hapa, maji usiguse ni ya moto. Akala ameinamisha kichwa. Nikaona ni heri na mimi nile, asijione ni mtoto analishwa. Nikala. Chakula kilikuwa kama mchanga.

Jioni nikampigia Kagwiria nikamwambia yote. Alilia mpaka mtoto akaamka. Baadaye Mugambi akachukua simu.

"Mama, nimesikia mmeshikana mikono huko ng'ambo! Na kula mmekula?"

"Tumekula."

"Wuui! Kirimi, unanisikia? Jiandae kulipa faini. Mbuzi mmoja hatoshi!"

Kirimi akacheka. Ni mara ya kwanza namsikia akicheka karibu. Alicheka halafu akajifunika uso kwa shuka, na mimi nikatoka nje nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Jumanne, 26 Februari

Hakuna.

Mionzi imeendelea. Sasa mimi ndiye macho ya njia. Ngazi inashuka. Ngazi inatembea yenyewe, inua mguu. Kuna shimo. Kuna mbwa amelala. Kuna mama anauza karanga, hapana, si karanga, sijui ni nini. Nagundua nilikuwa sijauona mji huu. Nilikuwa natazama chini tu. Leo nimemwambia kuna majani ya mti yamepita juu ya ukuta, na kasuku wa kijani wako ndani, wengi, wanagombana. Akauliza wa kijani kweli? Nikasema kama ngano changa. Akageuza uso upande wa ukuta. Nisingesema ngano.

Alhamisi, 28 Februari

Bado. Nimeomba, na maneno yameniisha. Nimesema tu jina lake mbele za Mungu. Sasa nalijua.

Jumamosi, 2 Machi

Asubuhi. Naandika na chai mkononi, herufi zinacheza.

Niliingia na uji. Alikuwa ameketi kitandani ameelekea dirishani. Akasema, bila kugeuka vizuri, "Kuna kitu chekundu."

Nikasimama.

"Kinasogea. Sasa kimesimama."

Ni kitambaa changu. Nilisogea kushoto, akafuata kwa kichwa. Nikasogea kulia, akafuata. Tulicheza hivyo kama watoto wa nasari mpaka uji ukamwagika, na Mama Kamla akaja kuona ni nini kinapigiwa kelele. Nilimshika Mama Kamla nikamzungusha. Sikumweleza. Alizunguka tu.

Lakini ni rangi peke yake. Hakuna umbo. Najizuia. Bwana, nisaidie nijizuie.

Jumanne, 5 Machi

Jicho la kushoto linafunguka. Daktari amesema, kwa uangalifu sana, kwamba la kushoto anategemea litarudi karibu lote. La kulia hasemi.

Ndani ya treni Kirimi aliniangalia. Alikuwa anaangalia kweli, kwa kukunja uso. Nikataka kuinamisha kichwa, halafu nikasema wacha, amekosa kuona kiasi cha kutosha.

"Mama."

"Niambie."

"Sikujua una mwanya."

Nilifunga mdomo haraka. Mzee mmoja Mhindi mbele yetu alituangalia tukicheka, naye akacheka, bila kujua tunacheka nini.

Ijumaa, 8 Machi

Mionzi ya mwisho. Manesi walimpigia makofi. Kwa jicho la kushoto alisoma ule mstari wa herufi ndogo kabla ya mstari wa mwisho. La kulia linaona kivuli na mwanga, na daktari anafikiri litabaki hivyo. Kuhusu trekta amesema arudi kwa daktari wa kwetu, apimwe tena, ndipo ajue. Hakuahidi. Kirimi aliuliza mara mbili na mara mbili hakuahidi.

Njia yote ya kurudi amenisomea majina ya vituo. Kila kimoja, kwa sauti, kama mtoto aliyejua kusoma jana. Watu walikuwa wanatugeukia. Nilimwacha asome. Tulipofika kwetu alisoma na ndovu. "Ndovu," akasema.

Kesho ndege. Nimekunja vitu. Nina huzuni ambayo sielewi. Nafikiri naielewa lakini siiandiki.

Jumapili, 17 Machi

Nyumbani. Baridi ya Timau imenikaribisha hadi kwenye mifupa. Mlima ulikuwa wazi asubuhi.

Jana waliniletea. Mugambi na magongo yake ndiye msemaji, na wazee wawili. Mbuzi mmoja, mnene, na blanketi. Walisema maneno yanayosemwa mtu na mkwe wake wakikaribiana bila kupenda, ili kila mmoja arudi mahali pake. Nilipokea. Mugambi alinong'ona eti blanketi ni la mkono na mbuzi ni wa ugali. Nikamwambia anyamaze, niko katika jambo la maana. Kirimi hakuja ndani. Haifai.

Shamba halijamruhusu kwenye trekta. Kwa sasa wamempa kazi ya stoo ya mbegu. Atapimwa tena mwezi wa sita. Kagwiria anasema yeye usiku anaamka anamfunika Kirimi jicho moja kwa mkono, anamuuliza hii ni nini, na hii.

Leo baada ya ibada nilipitia njia ya juu, ile inayozunguka shamba la ngano. Waliolima wameacha udongo mweusi mpaka chini kwenye miti. Huko chini, mbali, palikuwa na mtu amebeba mtoto begani. Kutoka nilipokuwa sikuweza kujua ni nani. Nilisimama tu, nimefunga kitambaa changu chekundu.

Mtu yule akasimama pia. Hakusogea karibu.

Akainua mkono kabla sijainua wangu.